Sauti ya Upande wa Chini

Mvua za Aprili zilipomaliza kazi yake, barabara ile inayoshuka kuelekea Nguba, mtaa wa Bukavu ulio kando ya ziwa, ilibaki nusu. Nusu ya pili iliteremka ziwani alfajiri moja bila kumuaga mtu, pamoja na ukuta wa tajiri mmoja na miti yake miwili ya avoka. Kampuni ya barabara ikaja na mashine za kuchimba, ikaja na malori ya mawe, ikaja na kijana mwenye kofia nyeupe ya plastiki aliyeitwa Didier, naye chef Didier akaweka bariyeri mbili, moja juu na nyingine chini. Katikati palikuwa na kona ya mita mia nne ambapo gari moja tu lingeweza kupita. Mlima ulikuwa umesimama pale kwa ukaidi wake wote, hivyo aliye juu hakumwona aliye chini hata angerefusha shingo kutwa nzima.

Bariyeri ya juu alipewa Euphrasie. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenye mwili mkubwa na mwendo wa taratibu, na kabla ya hapo aliuza makaa sokoni mpaka kifua kikakataa vumbi. Alipewa kizibao cha rangi ya machungwa, kibendera chekundu, kibendera cha kijani, na motorola. Bukavu kila redio ya mkononi ni motorola, haidhuru imetengenezwa na nani. Ukienda kusema "chombo cha mawasiliano" watu watakutazama kama uliyetoka seminari jana.

Kazi yenyewe haikuhitaji diploma. Wa juu akiachilia magari, anabonyeza kitufe na kumtajia wa chini gari la mwisho: Noah nyeupe, au Fuso ya bia, au jeep ya masista. Wa chini anazuia ya kwake mpaka alione hilo la mwisho likipita mbele ya macho yake mwenyewe, ndipo naye anaachilia ya kwake na kutaja la mwisho. Unabonyeza ili useme, unaachia ili usikie. Didier alimfundisha yote hayo kwa dakika tano, akamwambia asiisahau ile "à vous" ya mwisho, yaani zamu yako, akaenda zake kugombana na dereva wa mashine.

Siku hiyo ya kwanza, sauti ilipotoka kwenye kile kisanduku, Euphrasie alitafuta jiwe akakaa.

"Juu, juu, huku iko chini. Unanipata? À vous."

Ilikuwa sauti ya Raphaël, marehemu mume wake.

Tuelewane vizuri: Euphrasie hakuwa mwendawazimu. Alijua kwamba upande wa chini kuna mtu mzima, baba wa watu, jina lake Léopold, mzaliwa wa Kamanyola, ambaye hajawahi kumjua Raphaël wala ndugu wa Raphaël. Lakini motorola hubana sauti ya mtu. Huitoa nyama ikabaki mifupa, huipitishia puani, huiwekea mvua kwa nyuma. Na ile phonie ya zamani, redio ya kuongea na watu walio mbali, ilikuwa na tabia hiyohiyo.

Wakati ule Raphaël alikuwa Shabunda, kwenye machimbo ya dhahabu, na Shabunda haikuwa na simu. Kila Jumamosi wanawake wenye waume huko walikwenda Kadutu kwenye nyumba ya phonie, wakaketi kwenye mabenchi, wakangoja opereta aite jina. Ukiitwa unasogea mezani, unaongea na mume wako mbele ya watu kumi na tano wanaosikia kila neno, na wote kumi na tano wanajifanya kuhesabu mbao za dari. Kwa hiyo mapenzi yalisemwa kwa mzunguko. Mume akiuliza kama yale mafuta ya mawese bado yapo, benchi zima lilijua kwamba hapo mafuta hayahusiki, na kuna waliokohoa.

Euphrasie aliishi na Raphaël miaka sita tu, na minne kati yake ilikuwa ya phonie. Ndiyo sababu sauti halisi ya mumewe, ile ya mezani na ya kitandani, ilikuwa imemtoka kabisa kichwani. Iliyobaki ni ile nyembamba ya Jumamosi, yenye mvua nyuma yake, na sasa sauti hiyo ilikuwa barabarani ikimuuliza kama anaipata.

"Nakupata," alijibu. "Tano juu ya tano."

Hapo wiki zikaanza kupita kwa namna yake. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani ukakaa kwenye kona, na magari yalikuwa yakizama humo moja baada ya jingine kama watoto wanaoingia chini ya blanketi. Kelele za mashine zilififia. Kisanduku kikasema shiii, shiii, na ndani ya ile shiii Euphrasie alisikia msitu wa Shabunda ukinyeshewa, akaiona nyumba ya mabati aliyokuwa akisimuliwa, na ndoo mlangoni, na viatu vya Raphaël vimejaa tope jekundu. Hakuwahi kufika Shabunda maisha yake yote. Kisha sauti inasema, "Nakutumia gari ine, ya mwisho iko taxi ya kijani, à vous," naye anainua kibendera, na moyo wake unatulia hata yeye mwenyewe akaona aibu.

Léopold alikuwa mtu wa maneno. Magari yakiwa machache alimpa habari za mke wake, za goti lake, za mbuzi wa jirani. Mara nyingi alimwambia, "Maman Euphrasie, siku moja ushuke, tukule samaki ya sambaza pamoja. Miezi mbili batu wanaongea, hawajuane hata sura?"

"Goti yangu, papa Léopold," Euphrasie alijibu. "Goti inakataa mutelemuko."

Goti la Euphrasie lilikuwa zima. Aliogopa sura ya yule bwana, basi. Aliona wazi kwamba siku atakapomwona, sauti itapata mwenyewe, na Raphaël atakufa mara ya pili. Aliingia asubuhi kwa upande wa juu, akarudi jioni kwa upande wa juu, na Léopold vilevile kwa upande wake wa chini, na mlima ukawasitiri.

Sasa lazima niseme kisa cha Jumamosi ile, maana bila hicho mama huyu ataonekana anaota tu.

Miaka kumi na tisa iliyopita watu walimletea Euphrasie maneno kwamba Raphaël ana mwanamke Shabunda. Wenye kuleta maneno ya namna hiyo hawakosekani mahali popote, na siku zote wanakuja mchana, wakati una wageni. Euphrasie hakulala. Jumamosi alikwenda kwenye phonie, akasogea mezani, na safari hii hakuzunguka. Mbele ya watu wote alimuuliza mume wake kama ana mwanamke mwingine huko, ndiyo au hapana, ajibu sasa hivi. Hakikurudi kitu. Sauti ya Raphaël haikutoka, ndani ya nyumba pakawa kimya mpaka nzi walisikika, kisha umeme ukakatika na Euphrasie akatoka nje na kilemba chake mkononi. Jumamosi iliyofuata mtu wa phonie alikuja mbio kumwita, mume wake yuko hewani anamtaka. Akamwambia aende aongee na ukuta. Jumanne yake shimo la Shabunda likaporomoka na Raphaël alikuwa ndani.

Alimlilia siku tatu, kwa kuwa desturi inataka. Siku ya nne alifunga mdomo. Mtoto wao Gloire alikua akijua kwamba baba yake aliulizwa swali moja tu maishani akashindwa kulijibu.

Aliyempinga alikuwa mmoja, naye ni Godelive, mama yake Raphaël. Jumamosi ile ya pili, Euphrasie alipokataa kwenda, Godelive alikwenda badala yake. Tangu hapo msimamo wa mama huyo haukubadilika: mwanangu alijibu, ameniambia kwa kinywa chake. Euphrasie alipoletewa hayo alicheka kwa uchungu. Watu kumi na tano wana masikio thelathini, alisema, na hakuna sikio hata moja lililosikia. Huyo mama anatetea tumbo lake. Akaacha kumsalimu. Kila mwaka Godelive aliomba misa ya marehemu katika parokia yao ya Kadutu, kila mwaka alimwita mkwe wake, na kila mwaka mkwe alibaki nyumbani akifua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Mwaka huu misa iliangukia Jumapili. Godelive alikuwa amegonga miaka themanini na tatu, na aliyeleta ujumbe aliongeza kwamba bibi amesema labda hii ndiyo ya mwisho atakayoiomba mwenyewe. Maneno hayo hayakumtoka Euphrasie kichwani wiki nzima. Hakutaka bibi afe hivyo. Lakini angekwendaje kupiga magoti kwa ajili ya mtu aliyemdharau mbele ya halaiki, akamwacha ameshika swali lake mkononi? Angejibu tu, hata kama jibu lingekuwa baya. Angesema ndiyo, ninaye. Euphrasie angelia, angetukana, angesamehe au asingesamehe, na mambo yangekuwa na mwisho. Kimya ndicho alichoshindwa kukimeza.

Ndipo likamjia wazo ambalo hakumwambia mtu. Sauti ipo. Kwa nini asiiulize?

Siku ya Jumatatu alicheka mwenyewe. Jumatano hakucheka tena. Alhamisi alikuwa na kisanduku shavuni wakati wote ambapo barabara ilikuwa tupu, na midomo yake ilicheza bila kutoa neno, na mama mmoja aliyepita na mzigo wa mihogo alidhani anasali rozari akamsalimu kwa heshima.

Ijumaa ukungu uliamka mzito kuliko siku zote. Ziwa halikuonekana, Nguba haikuonekana, hata nguzo ya bariyeri ilianzia mkononi ikaishia hewani. Foleni ya juu ilikuwa imesimama: mbele minibus ya mama wauza sambaza waliokuwa wanarudi ufukweni na mabeseni yao matupu, nyuma yake jeep moja, kisha pikipiki. Saa tatu na kitu sauti ikasema:

"Maman Euphrasie, nakutumia sita. Ya mwisho iko Carina nyekundu. À vous."

"Carina nyekundu. Nimesikia."

Kutoka chini hadi juu gari lilihitaji dakika tatu, nne kama dereva ni mwoga. Euphrasie aliegemea nguzo na kuweka motorola shavuni. Plastiki ilikuwa na baridi, kisha ikapata joto. Shiii, ikasema, shiii, na mvua ya Shabunda ikaanza kunyesha polepole kwenye mabati, na mtu akavua viatu mlangoni, akakohoa, akakaa. Alikuwa karibu kabisa. Mtu angenyoosha mkono angemgusa bega. Kidole gumba cha Euphrasie kikazama kwenye kitufe bila kutumwa na mtu.

"Raphaël," alisema kwa sauti ya chini. "Iko mimi. Dimanche wanakusomea misa."

Gari la kwanza lilitoka kwenye ukungu likampita.

"Mama yako amezeeka. Anataka nikuje. Niende namna gani, Raphaël? Miaka kumi na tisa nabeba ile swali yangu. Sikukuuliza mambo mingi. Ulikuwa na mwanamuke kule ao hapana? Unijibu tu, hata leo."

Likapita la pili, na la tatu. Macho yake yaliyaona na kuyahesabu, maana macho yanaweza kufanya kazi wakati mwenyewe yuko mbali. La nne. La tano. Mvua ya Shabunda ilikuwa imekoma sasa na pakawa na kimya kipana, kizuri, kama cha kanisani kabla watu hawajaingia, na yeye alisimama katikati yake akingoja.

"Juu ya nini unanyamaza?" aliuliza, na machozi yalikuwa karibu. "Hata leo unanyamaza?"

Carina nyekundu ikapita. Mkono wake wa kushoto uliinua kibendera cha kijani na kusukuma nguzo, na minibus ikashuka, na jeep ikafuata, na pikipiki zikajipenyeza, na ukungu ukafunga mlango nyuma yao. Mkono wa kulia ulikuwa bado shavuni.

Honi ndiyo iliyomrudisha duniani. Honi ya lori, ndefu, halafu breki, halafu makelele ya wanawake. Euphrasie alishtuka, vidole vikafunguka, na kisanduku kikalipuka kwa sauti mkononi mwake.

"...achia! Achia bouton! Funga, maman, funga! Fuso imenipita kwa nguvu, iko inapanda! Unanisikia? Maman, funga!"

Alitupa vibendera, akamwamuru dereva wa gari jingine lililokuwa limefika bariyerini asithubutu kusogea, akakimbia. Lile goti lililokataa mteremko lilishuka kama goti la msichana.

Walikuwa pua kwa pua mahali pale pembamba kuliko pote: Fuso imebeba simenti, minibus mbele yake, na upande mmoja mlima, na upande wa pili hakuna kitu, ni ukungu tu na sauti ya changarawe zinazoanguka mbali huko chini. Dereva wa Fuso, ambaye alikuwa amechoka kungoja zamu akaipita bariyeri kwa ubabe, sasa alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na amekuwa mpole kama paroko. Simenti yote ile haikuweza kurudi kinyumenyume kwenye mteremko. Ilibidi jeep irudi kwanza, kisha minibus, mita sitini, nyuma mbele, kwenye ukingo uliolainika.

Mama wauza sambaza walishuka mmoja mmoja na mabeseni vichwani, wakajibanza kwenye mlima. Euphrasie akasimama mbele ya minibus akimwonyesha dereva kwa mikono. Nyuma kulikuwa na mtu anayekimbia huku na huku akitia mawe chini ya tairi, akipiga amri kwa sauti nene: "Pole! Kata upande wa mulima! Simama! Simama, papa!" Mara moja tairi la nyuma lilikanyaga ukingo na bonge la udongo likaondoka, kubwa kama kitanda, likaenda bila haraka, na wote wakaita Yesu kwa pamoja. Dereva akafumba macho na kukanyaga mafuta. Minibus ikaruka, ikapanda, ikasimama mahali pa usalama na milango yake ikitetemeka.

Hakuumia mtu. Wanawake walianza kuongea wote pamoja, mmoja akacheka kicheko kisichokwisha. Yule mtu wa mawe alijifuta uso kwa kofia, akamjia Euphrasie.

"Kumbe njo wewe, maman Euphrasie?"

Akamtazama. Alikuwa mfupi, ana kitambi, ana pengo mbele, na sauti yake nje ya kisanduku ilikuwa nzito na pana, ya mtu wa kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Haikuwa na mvua hata tone. Euphrasie alisubiri maumivu aliyoyaogopa miezi miwili. Hayakupata nafasi, kwa sababu aibu ilikuwa imejaa kote.

"Unisamehe, papa Léopold. Sikusikia kitu."

"Ungesikia namna gani?" Léopold alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa bado anahema. "Ulikuwa umefinya bouton. Mi niko napiga kelele huku, maman funga, maman achia, na wewe unaniuliza tu, juu ya nini unanyamaza, juu ya nini unanyamaza. Mi nanyamaza? Koo ilikuwa inapasuka! Mutu akifinya bouton, mwenzake anaweza kujibu mpaka anachoka. Hakuna kitu inafika."

Euphrasie alimshika mkono.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Ile ya mwisho."

"Nasema, ukishika vile, mwenzako anajibu bure." Akamwangalia vizuri. "Maman, uko muzima?"

Didier alifika wakati huo na motorola yake mkononi, na kwa uso wake Euphrasie alijua kwamba chantier nzima, dereva wa mashine na wenye malori, walikuwa wamesikia kila neno alilomwambia Raphaël. Hakuna aliyecheka. Kijana alichukua kisanduku kutoka mkononi mwake taratibu, kana kwamba kinaweza kuvunjika.

"Maman, enda nyumbani," alisema. "Lundi, wiki ikianza, tutaona. Siwezi kukudanganya eti hawatakufukuza."

"Hawatakosea, chef," Euphrasie alisema, akavua kizibao, akakikunja, akampa.

Hakwenda nyumbani. Alipanda hadi barabara kubwa na miguu ikaendelea yenyewe kuelekea Kadutu. Ukungu ulikuwa unaondoka kwenye mabati ya mji, vilima vikatoka kimoja kimoja, watu wakanunua mkate, wakagombana, wakapita, na yeye alikuwa akitembea ndani ya Jumamosi nyingine kabisa.

Aliona kila kitu, kwa ukubwa wake. Jenereta ilikuwa ikikohoa tangu asubuhi. Siku zote opereta ndiye aliyeshika micro ya kusemea kwa ajili ya wateja, akiifinya na kuiachia yeye mwenyewe, na wateja hawakujua kinachofanyika mkononi mwake. Siku ile alitoka na bidoni ya mafuta kwenda kuitazama jenereta, akampa Euphrasie micro na kusema: shika, finya hapa, ongea. Hakusema zaidi. Euphrasie alifinya. Aliuliza swali lake, akasema, "Jibu!" na akaendelea kushika kwa nguvu zake zote, kwa ngumi, kwa meno, jinsi mtu anavyoshika akiwa na hasira, akingoja. Alingoja hivyo mpaka umeme ukakatika. Hakuachia hata kidogo. Masikio thelathini yalisikiliza sanduku ambalo mkono wake ulikuwa umelifunga.

Godelive alikuwa uani, amekaa mkekani, anachambua maharage kwenye ungo. Macho yake hayakuwa ya kuona mbali tena.

"Nani?"

"Iko mimi, maman. Mama Gloire."

Vidole vya bibi vilisimama kati ya maharage. Euphrasie alipiga magoti mbele yake, maana hakujua namna nyingine.

"Maman, Raphaël alinijibu."

"Nilikuambia."

"Ni mimi nilimufunga. Nilishika micro, sikuachia. Alikuwa anaongea, mi sikumupa njia. Miaka kumi na tisa namuita bubu mbele ya batu, mbele ya mutoto wake, kumbe iko mukono yangu."

Godelive aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa kando. Jirani alikuwa anatwanga majani ya sombe na mchi ulipiga, ukapiga.

"Alikuambia alijibu nini?" Euphrasie aliuliza. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

"Nilimuuliza," bibi alisema. "Akasema, 'Maman, ile iko maneno ya Euphrasie, siwezi kuitia mu kinywa yako. Umwambie akuje samedi yenye inakuja, nitamurudilia mimi mwenyewe.' Nilikuja kwako siku ileile. Ulifunga mulango. Nilisema na mbao."

Na Jumamosi hiyo ilipofika, Raphaël alikuwa na siku nne chini ya udongo. Euphrasie alihesabu kwa vidole na akaelewa kwamba hatajua. Labda alisema ndiyo. Labda alisema hapana, mke wangu, ni wewe tu, mbele ya wachimbaji wote wa Shabunda, akarudia mpaka akachoka. Hakuna mtu duniani aliyebaki na maneno hayo. Macho yake yalikuwa makavu, naye hakuinuka pale chini.

"Dimanche nitakuja," alisema. "Nitakaa nyuma kabisa, maman. Siko na haki ya mbele."

"Nyuma wapi?" Godelive alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Nafasi yako iko benchi ya mbele, pembeni yangu. Kila mwaka natia kitambaa yangu pale, batu wasikalie. Banauliza, bibi, huyu unamwekea nafasi ni nani? Nasema, muke ya mutoto yangu, iko njiani."

Hapo ndipo Euphrasie alipolia. Alilia kilio cha mjane, kwa sauti, uso kwenye magoti ya mama mkwe wake, mpaka jirani akaacha kutwanga. Godelive aliweka ungo kando, akamshika kichwa kwa mikono miwili yenye vumbi la maharage, na hakumwambia anyamaze.